Breki Zilipimwa Kila Kitu, Isipokuwa Mapafu ya Fundi

Leo tunaongea kuhusu breki. Najua unafikiri hii ni story ya mabuda wa garaji, lakini subiri kidogo. Kila mara mat inaposhuka Mai Mahiu ikiwa imejaa, maisha ya kila mtu mle ndani yanategemea vipande vichache vya kitu kilichosagwa, kikachanganywa na gundi, kikakandamizwa kwa joto. Kipande kimoja unaweza kukifunika kwa kiganja. Kama breki ni ya diski tunakiita pedi, kama ni ya drami tunakiita lainingi. Sasa jiulize: kile kitu kimetengenezwa na nini? Nani alikipima? Na alipokuwa anapima, alisahau kupima nini?

Hilo swali la mwisho ndilo limenikaa kichwani. Kwa karibu miaka 80 dunia ilipima breki kwa joto, kwa maji, kwa mteremko na kwa kelele. Mapafu ya mtu anayeitengeneza na mtu anayeibadilisha yakaachwa nje ya mtihani. Hii ni historia ya jinsi hilo lilivyotokea, na kwa nini linatuhusu sisi wa huku kuliko tunavyodhani.

Ilianza na kiatu

Agosti 1888, mama mmoja Mjerumani anaitwa Bertha Benz alichukua gari la mumewe, Karl, akaondoka Mannheim na vijana wake wawili hadi Pforzheim. Ni kama kilomita 100. Gari lilikuwa na breki za mbao, na kwenye miteremko mbao zikaanza kuisha. Akasimama kwa fundi viatu, akamwambia azipigilie ngozi. Wengi wanasema hiyo ndiyo lainingi ya kwanza ya gari duniani. Hakukuwa na injinia pale. Kulikuwa na mama mwenye haraka na fundi viatu.

Miaka 9 baadaye, 1897, huko Derbyshire nchini Uingereza, jamaa anaitwa Herbert Frood aliona kitu kama hicho. Kwenye vilima vya kwao, watu wa mikokoteni ya farasi walikuwa wanapigilia viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili zishike. Frood akajiuliza kama kuna kitu kinachoshika vizuri kuliko kiatu. Akaingia kwenye kibanda nyumbani kwake, akaanza kuchanganya vitambaa na lami na mpira, akatengeneza mtambo wa kupimia unaoendeshwa na gurudumu la maji. Yaani hata kabla hajawa na kiwanda, alikuwa na mtihani. Kampuni yake akaiita Ferodo, jina lililotoka kwenye jina lake mwenyewe. Ukipita kwa maduka ya spea Kirinyaga Road leo, hilo jina bado lipo kwenye maboksi.

Shida ya vitambaa na mpira ilikuwa moja: joto. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari likiwa zito na mteremko ukiwa mrefu, ule mwendo wote unaishia pale kwenye lainingi. Pamba inaungua. Ngozi inaungua. Lami inayeyuka. Mguu uko kwenye pedali lakini gari halishiki tena. Dereva yeyote wa lori aliyeshuka Salgaa anajua hiyo hisia.

Ndipo asbesto ikaingia. Kufikia 1908 Frood alikuwa anaiweka kwenye lainingi zake. Asbesto ni jiwe, lakini jiwe la ajabu: ukilipasua linatoa nyuzi laini unazoweza kusokota kama pamba. Haliungui. Nyuzi zake zinashikilia mchanganyiko usivunjike. Linashika vizuri likiwa baridi na likiwa moto. Na lilikuwa bei rahisi. Ukichanganya na rezini, umepata breki. Dunia ikaamua kwamba jibu limepatikana.

Mwanamke aliyesokota jiwe

Wakati Frood anauza breki, mji mwingine wa Uingereza, Rochdale, kulikuwa na mwanamke anaitwa Nellie Kershaw. Alianza kazi ya kiwanda akiwa mtoto wa miaka 12. Baadaye akawa anasokota nyuzi za asbesto kwenye kampuni ya Turner Brothers. Mwaka 1922 akawa hawezi tena kufanya kazi. Daktari akaandika kwamba asbesto ndiyo imemuumiza.

Sasa sikiza mchezo. Bima ya ugonjwa ikakataa kumlipa kwa sababu ugonjwa umetoka kazini. Kampuni nayo ikakataa kwa sababu ugonjwa wa asbesto haukuwa kwenye orodha ya magonjwa ya kazi. Akabaki katikati. Aliwaandikia kuuliza watamsaidia vipi. Hawakumpa kitu. Alikufa tarehe 14 Machi 1924, akiwa na miaka 33. Hata pesa za mazishi kampuni ilikataa kutoa, akazikwa kwenye kaburi lisilo na alama.

Daktari mmoja, William Cooke, alipima mapafu yake na kukuta makovu na vipande vya lile jiwe. Akachapisha matokeo mwaka huohuo, na 1927 ugonjwa ukapata jina: asbestosisi. Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ikapata ripoti iliyoonyesha kwamba wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa wanaugua kwa wingi. Mwaka 1931 ikatoa kanuni za vumbi, lakini zililenga viwanda vya asbesto. Fundi wa gari aliyekuwa anapuliza drami garajini hakufikiriwa.

Na hapa ndipo story mbili zinakutana. Katikati ya miaka ya 1920, muda mfupi baada ya Nellie kufa, Ferodo ilinunuliwa na kundi la Turner & Newall. Ndilo kundi lililokuwa na kile kiwanda cha Nellie. Kwa hivyo kuanzia hapo, watu waliokuwa wanauza breki na watu waliokuwa wamepewa ile cheti ya daktari walikuwa chini ya paa moja. Hakuna aliyeweza kusema hajasikia.

Tusiongee sana

Marekani haikuwa tofauti. Oktoba 1935, Sumner Simpson, mkuu wa Raybestos-Manhattan, kampuni kubwa ya lainingi za breki, alimwandikia barua mwenzake wa kampuni nyingine ya asbesto, Johns-Manville. Suala lilikuwa jarida la biashara lililotaka kuandika kuhusu asbestosisi. Ujumbe wa barua ulikuwa rahisi: kadiri asbesto inavyotajwa kidogo, ndivyo sisi tunavyokuwa salama. Mwenzake akakubali. Barua hizo zilikaa kwenye faili hadi miaka ya 1970, zilipotolewa na kuanza kusomwa mahakamani.

Watu hupenda kusema, ah, zamani hawakujua. Wasee, walijua. Tuseme tu walijua nusu, kwa sababu picha yote ilikuja baadaye. Mwaka 1960 daktari Chris Wagner na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, kwamba asbesto ya buluu ya machimbo ya Northern Cape ilihusiana na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Wengi wao waliwahi kuishi au kufanya kazi karibu na machimbo. Ugonjwa huo unaweza kusubiri miaka 20, 30 au 40 kabla ya kujitokeza. Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Unavuta vumbi ukiwa na miaka 19, unajibiwa ukiwa na wajukuu.

Watengenezaji wa breki walikuwa na utetezi, na lazima tuwe wakweli kuhusu huo utetezi. Walisema: sisi tunatumia asbesto nyeupe, hiyo ya buluu ni nyingine. Wakasema pia joto la breki linabadilisha sehemu kubwa ya zile nyuzi ziwe kitu kingine kabla hazijatoka kama vumbi. Hilo la pili lina ukweli ndani yake. Vumbi la breki iliyotumika lina asbesto kidogo kuliko lainingi mpya. Wanasayansi wamebishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa hatari kwa fundi wa kawaida, na kesi zimeenda pande zote mbili.

Lakini angalia wanachoruka. Shirika la Afya Duniani, kupitia chombo chake cha utafiti wa saratani, linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, nyeupe ikiwemo. Na fundi hagusi vumbi lililoungua peke yake. Anapiga msasa lainingi mpya ili ikae vizuri. Anatoboa, anapiga riveti, anasawazisha kingo. Hiyo yote ni asbesto ambayo haijapikwa na breki yoyote.

Kutafuta kitu kingine

Kwa nini hawakuiacha tu? Kwa sababu neno "hakuna mbadala" lilikuwa na nguvu, na kwa muda lilikuwa na ukweli kiasi. Asbesto ilikuwa inafanya kazi tano kwa wakati mmoja. Ukiitoa, unatafuta vitu vitano.

Miaka ya 1970 zikaanza kuenea pedi zenye chuma nyingi: nyuzi za chuma, unga wa chuma, grafaiti, rezini. Zilivumilia joto sana, lakini zilipiga kelele, zilipata kutu, na zilikula diski. Njia nyingine ilikuwa kutumia nyuzi za kutengenezwa. Mwaka 1965 mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aligundua kile kilichokuja kuitwa Kevlar, nyuzi ileile ya fulana za kuzuia risasi. Ukiweka kidogo kwenye pedi inashikilia mchanganyiko. Wengine wakaongeza nyuzi za glasi, pamba ya mawe, vumbi la maganda ya korosho, shaba, na madini mengine kibao. Ndiyo, korosho. Mafuta ya ganda lake yanageuzwa kuwa unga unaosaidia breki isishike kwa kushtuka. Pedi moja ya siku hizi inaweza kuwa na vitu zaidi ya kumi.

Kila mchanganyiko lazima upimwe, na hapa ndipo napenda hii kazi. Kuna mashine inaitwa Chase. Unakata kipande cha pedi cha inchi moja kwa inchi moja, unakibana kwenye drami inayozunguka, unapandisha joto taratibu hadi nyuzijoto 343 za selsiasi. Unaangalia kama kinashika au kinalegea, kisha unakipoza uone kama nguvu inarudi. Baadaye pedi nzima inaingia kwenye dainamomita, mtambo unaoiga uzito na kasi ya gari, na mwisho inawekwa kwenye gari lenyewe barabarani.

Matokeo ya ule mtihani mdogo huwa yanaandikwa ubavuni mwa pedi nyingi kwa herufi mbili. Angalia ya gari lenu leo. Herufi ya kwanza ni nguvu ya kushika kwenye joto la kawaida, ya pili ni kwenye joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hivyo FF inamaanisha inashika vizuri na haibadiliki sana ikipata moto. FE inamaanisha inashika ikiwa baridi, ikichemka inapungua.

Poa sana. Lakini rudi kwa swali letu. Hizo herufi hazisemi pedi itaisha lini. Hazisemi itaharibu diski. Na hazisemi ina asbesto au haina. Pedi ya asbesto inaweza kupata FF safi kabisa. Mtihani ulikuwa mzuri, ila uliandikwa na watu waliokuwa wanajiuliza kitu kimoja tu: gari litasimama?

Miaka 100 na siku 4

Marekani walijaribu kufunga hii story mwaka 1989. Shirika lao la mazingira likapiga marufuku karibu bidhaa zote za asbesto, breki zikiwemo. Kampuni zikaenda mahakamani, na 1991 mahakama ya rufaa ikafuta sehemu kubwa ya marufuku hiyo. Moja ya hoja ilikuwa kwamba breki zisizo na asbesto huenda zikasababisha ajali zaidi. Unaona? Mapafu ya fundi yakawekwa kwenye mizani na shingo ya abiria, kana kwamba lazima mmoja apoteze.

Ulaya hawakungoja. Uingereza iliipiga marufuku asbesto nyeupe 1999, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikapewa hadi 2005. Kanuni za Umoja wa Mataifa za breki na za pedi za kubadilisha zinasema wazi kwamba asbesto hairuhusiwi ndani. Magari yao yaliendelea kusimama. Hilo swali la "hakuna mbadala" lilikuwa limejibiwa na barabara zenyewe.

Marekani walitangaza marufuku mpya ya asbesto nyeupe, pamoja na ya breki za spea, tarehe 18 Machi 2024. Nellie Kershaw alikufa tarehe 14 Machi 1924. Hesabu mwenyewe.

Somo moja angalau lilishika. Mwaka 2010 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kupunguza shaba kwenye pedi, na California wakafanya vivyo hivyo, kwa sababu vumbi la shaba linaoshwa na mvua hadi mitoni na kuumiza samaki. Yaani hatimaye mtu alifikiria vumbi linaenda wapi. Samaki wakapata wakili. Fundi alisubiri zaidi.

Makapi ya miwa

Afrika nayo haijakaa tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, Nigeria, walichapisha kazi yao ya kutengeneza pedi zisizo na asbesto kwa kutumia makapi ya miwa na rezini. Waligundua kwamba makapi yakisagwa laini zaidi, pedi inakuwa bora. Wengine Nigeria wamejaribu maganda ya mawese, maganda ya ndizi, na magamba ya konokono wa baharini. Wanapima ugumu, uzito, kuisha, msuguano, na kiasi cha maji na mafuta pedi inachofyonza.

Mimi niliacha injinia mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini hii ndiyo aina ya kitu kinachonifanya nisome usiku bila mtu kunilazimisha. Fikiria milima ya makapi kwenye viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya. Hiyo ni kazi ya vijana imelala pale.

Ila tusirudie makosa ya wale wazungu wa Rochdale. "Asilia" haimaanishi salama. Asbesto yenyewe ni asilia, imechimbwa ardhini. Makapi ya miwa yakiota ukungu yana ugonjwa wao wa mapafu, unaitwa bagasosisi, na huwapata wanaovuta vumbi lake. Majivu ya maganda ya mchele yana silika, na silika ya aina fulani huharibu mapafu. Sisemi pedi iliyopikwa na rezini itakuua. Nasema yule kijana wa kusaga na kukanda apimwe pia, mapema, kabla hatujaanza kusherehekea.

Sasa huku kwetu

Kenya, ukitaja asbesto watu wanafikiria mapaa ya zamani. Na ni kweli, kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiweka asbesto kwenye taka hatari. Lakini nenda garaji yoyote kando ya barabara. Gurudumu linatolewa, kompresa inawashwa, drami inapulizwa, wingu jeusi linapanda, na kijana wa miaka 18 amesimama katikati bila kitu usoni. Baadaye anakula chapati na nguo zilezile, jioni anazipeleka nyumbani, mtoto wake anamrukia.

Kwa macho huwezi kujua kama hilo wingu lina asbesto. Gari kuukuu, spea isiyo na boksi, lainingi ya lori iliyotobolewa na kupigwa riveti upya: hakuna anayejua. Na hata kama haina, lile vumbi lina chuma, shaba, na vitu kibao ambavyo mapafu hayakuviagiza.

Kwa hivyo fanya hivi, haigharimu sana. Usipulize breki kwa kompresa, na usifagie vumbi likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji na sabuni taratibu, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Usipige msasa lainingi kavu. Badilisha nguo za kazi kabla ya kwenda nyumbani, na usizifue pamoja na za watoto. Maski ya kitambaa haizuii nyuzi ndogo hivyo. Ukinunua pedi, chukua yenye boksi na herufi ubavuni, na muulize muuzaji moja kwa moja kama haina asbesto. Akicheka, nenda duka la pili.

Na kama wewe ni mwenye gari, acha kumharakisha fundi. Ile dakika tano ya kulowanisha vumbi ni yako kumpa.

Frood alikuwa na kibanda, gurudumu la maji na swali moja zuri. Alilijibu vizuri sana. Swali la pili alilijibu Nellie kwa mapafu yake, na hakuna aliyemlipa. Vijana wa Zaria, wa Kariobangi, wa Kisumu mnaochanganya vitu kwenye vibanda vyenu: ulizeni yote mawili kwa pamoja.

Tuma hii kwa fundi wako kabla ya servisi inayofuata. Ukimkuta ameshika kompresa, mwambie tu, "Boss, leo tutumie maji." Kisha niambie hapa chini alisemaje.